Nani Alimsomesha Tumpale

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, wakati redio moja ya betri ilipokuwa ikisikilizwa na kijiji kizima, palikuwa na nchi mbili jirani. Ya kwanza iliitwa Songwa, ya pili iliitwa Mbalala. Zilipata bendera mwaka mmoja, zikapakana juu ya mgongo wa mlima uitwao Lwifwa, na watu wa huku na huko walioana, walizikana, waliazimana chumvi. Mlima ulikuwa mmoja, mvua ilikuwa moja, lugha ilikuwa moja. Serikali ndizo zilikuwa mbili. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Juu ya mgongo huo, upande wa Songwa, karibu kabisa na jiwe la mpaka, aliishi mwanamke aitwaye Subilaga. Kuku wake walitaga Mbalala wakalala Songwa. Alikuwa mwanamke asiyetulia. Akiweka sufuria jikoni, anatoka nje kutazama mabonde, kwanza la huku, kisha la huko, kama mtu aliyesahau kitu mahali na hakumbuki ni wapi. Mumewe Anyelwisye, fundi cherehani, alizoea kumwambia kwamba mabonde hayo hayatakimbia. Subilaga alikuwa akijibu kwamba anajua, na kabla uzi haujaisha kwenye sindano yuko nje tena.

Sababu alikuwa nayo. Subilaga alizaliwa Mbalala, na katika utoto wake Mbalala haikuwa na habari na shule. Serikali ya huko ikikusanya mafungu kumi ya mapato, shule zilipata nusu ya fungu moja. Mengine yalijenga barabara ya kuteremshia chai, na ukumbi wa kupokelea wageni, na uwanja wa gwaride wenye majukwaa ya zege. Kata nzima ilikuwa na shule moja, na waliosoma ni watoto wa wanyapara wa mashamba ya chai. Subilaga aliijua shule hiyo kwa nje, akipita na mzigo wa kuni kichwani. Alisikia wenzake wakiimba hesabu ndani, akazishika kwa sikio, akaziimba njia nzima hadi nyumbani bila kujua zinahesabu nini.

Kisha akaolewa Songwa. Asubuhi yake ya kwanza ya ubibi harusi alisikia vishindo vya miguu mingi nje, akadhani kuna msiba. Alipochungulia aliona wasichana wamevaa bluu, wengi, wakiteremka mlima huku wakicheka na kusukumana. Akamwuliza mumewe hao ni watoto wa nani.

"Wa kila mtu," alisema Anyelwisye. "Hizo sare nimeshona mimi."

Songwa ilikuwa maskini. Haikuwa na kitu ila kahawa. Lakini katika mafungu yake kumi, matatu yalikwenda shuleni. Mtoto alipewa daftari, alipewa penseli, na saa nne alipewa uji. Hakuna aliyeulizwa baba yake ni nani. Subilaga alisimama mlangoni hadi msichana wa mwisho alipopotea kwenye kona, akasema moyoni kwamba akizaa, mtoto wake hatapita nje ya shule na kuni.

Akazaa mvulana, Lugano. Baada ya miaka minne akazaa msichana, Tumpale. Wote wawili walivaa bluu, na wote wawili waliangukia mikononi mwa Mwalimu Mwambene, mtu mrefu mwembamba aliyeletwa na serikali kutoka mabondeni, ambaye alipofundisha alisahau kula. Lugano alikuwa na akili ya kawaida na mwandiko mzuri. Tumpale alikuwa mwuliza maswali. Aliuliza kwa nini kivuli kinarefuka jioni, na kwa nini maji ya chungu yanapoa na ya sufuria hayapoi. Mwalimu Mwambene alimjibu kila alipouliza, na pale asipojua alisema hajui, akaenda kutafuta.

Sasa, katika nchi zote mbili, kila Juni, waziri alisimama bungeni akasoma bajeti. Pale mgongoni redio ilishika stesheni za pande zote, kwa hiyo siku hiyo duka la kushonea la Anyelwisye, ilikokuwa redio hiyo, lilijaa watu. Wengine walisubiri bei ya sukari, wengine mafuta ya taa. Subilaga alisubiri elimu. Alisimama karibu na redio, mkono kiunoni, na lilipotajwa fungu la shule alilirudia kwa sauti ndogo. Kisha alimwomba mumewe azungushe kitufe, wasikie na wenzao wanasemaje.

Kwa miaka mingi majibu yalikuwa yale yale. Songwa matatu, Mbalala nusu. Subilaga aliposikia hivyo usiku wake ulikuwa mwema.

Ndipo bei ya kahawa ikaanguka.

Waziri wa Songwa alisoma kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mafungu ya shule yakawa mawili. Mwaka uliofuata yakawa moja na nusu. Uliofuata tena, moja. Uji ukaondoka kwanza. Yakafuata madaftari. Ukaja mchango wa kila mtoto, wazazi wengine wakashindwa, sare za bluu zikapungua njiani na cherehani ya Anyelwisye ikapata kutu kwenye kanyagio. Mwisho ikakwama mishahara. Walimu wakasubiri mwezi, wakasubiri miezi, wakaondoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa na kitanda kichwani.

Mwambene alibaki. Watu walimwuliza anabakia nini, naye alieleza kwamba darasa la tano wako katikati ya hesabu za sehemu, hawezi kuwaacha hapo. Darasa la tano likamaliza sehemu, likaja jingine, naye yuko. Alipanda maharage nyuma ya shule. Aliwafundisha watoto wa madarasa matatu katika chumba kimoja, kila darasa likitazama ukuta wake, yeye akizunguka katikati na kipande cha chaki kidogo kama punje. Wazazi walimpelekea ndizi. Serikali haikumpelekea kitu.

Na huko ng'ambo Mbalala ilikuwa imepata vito ardhini. Juni hiyo waziri wao alisoma kwa sauti nene kwamba shule zitapata fungu moja na nusu. Maabara zitajengwa, mabweni yatajengwa, vitabu vitagawiwa bure. Subilaga alitoka nje kabla redio haijamaliza. Alitazama bonde la Mbalala, mapaa mapya ya bati yaking'aa. Alirudi ndani, akatoka tena. Watu walipotawanyika alimwambia mumewe kwamba watoto wavuke.

Anyelwisye hakukubali. Alikuwa mtu wa Songwa hadi mifupani. "Fungu moja na nusu, mama Lugano. Wana vito, wanatoa moja na nusu. Sisi tulipokuwa na kahawa tu tulitoa matatu, na leo tuna njaa bado tunatoa moja. Wao wakati huo walikunyima wewe mwenyewe." Akachukua leso mezani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akagusa jora zima la kitambaa. "Mwenye leso akikukatia nusu, na mwenye jora akikukatia dhiraa mbili, nani amekupa zaidi?"

Subilaga aliigusa leso.

"Mwenye leso amenipa moyo wake," alisema. "Lakini mimi nina mtoto wa kuvika. Nusu ya leso haimfiki magotini."

Anyelwisye aliirudisha leso mezani. Alikaa kwenye cherehani akakanyaga kanyagio, ingawa hapakuwa na nguo chini ya sindano.

Kuvuka kulikuwa na sharti lake. Shule za Mbalala zilikuwa za raia wa Mbalala, na uraia ulifuata baba. Mgeni aliyeajiriwa katika mashamba ya chai ndiye aliyeruhusiwa kuingiza mtu mmoja wa familia yake. Mashamba yalitaka mikono ya vijana, na Anyelwisye alikuwa na mguu mbovu tangu utotoni. Subilaga alikwenda yeye mwenyewe kuomba kazi, wakamwambia hawachukui wanawake wenye nyumba zao. Alirudi akizunguka nyumba yake siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliyebaki ni Lugano, na Lugano alikuwa na miaka kumi na mitano, akiwa bado mwanafunzi wa Mwambene.

Subilaga alimkuta mwanawe kisimani akifua shati lake la bluu. Alimweleza yote bila kumficha, kwamba nafasi ni ya mtu mmoja, kwamba Tumpale ni mdogo na ana muda, na kwamba yeye Lugano atachuma chai miaka miwili tu, kisha arudi amalizie. Lugano alisugua shati. Povu lilimjaa hadi kwenye viwiko.

"Nikienda, Tumpale atasoma?"

"Atasoma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka watakapomwambia basi."

Lugano alilikamua shati, akalianika kwenye kamba, akalinyoosha kola kwa vidole ili lisikauke na mikunjo. Wiki ile ile akashuka kwenye kambi ya chai. Miaka miwili ilipokwisha, alikuwa mrefu kuliko mlango wa darasa, na aliona haya kukaa dawati moja na watoto. Akabaki kambini. Hakumlaumu mama yake hata siku moja, na hilo ndilo lililomnyima Subilaga usingizi.

Tumpale alipelekwa shule ya serikali ya Mbalala, yenye msingi na sekondari pamoja, ambako mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Tusajigwe, anayeongea taratibu na asiyependa kudanganywa. Alimpa mtoto hesabu ubaoni. Tumpale akazifanya. Akampa ngumu zaidi, akazifanya nazo, akieleza kila hatua kwa sauti kama alivyozoeshwa. Bi Tusajigwe akamwuliza ni nani aliyemfundisha, na analipwa na serikali ipi. Mtoto akasema ni Mwalimu Mwambene, na kwamba halipwi.

Bi Tusajigwe aliweka chaki chini. Kisha akamgeukia Subilaga, akamweleza kwa upole kwamba barua ya shamba la chai inamfikisha mtoto darasa la saba tu. Zaidi ya hapo, yeye ndiye atakayeweka sahihi kwamba binti huyu ahesabiwe pamoja na wa kwao, sekondari na chuo, kwa fedha ya watu wa Mbalala. Wapo wazazi wa Mbalala ambao watoto wao watakosa nafasi hiyo. Watamwuliza.

"Niwajibu nini, mama?"

"Waambie akimaliza atarudi kufundisha hapa," alisema Subilaga. Bi Tusajigwe akamtazama mtoto. Tumpale, akiwa na miaka kumi na mmoja, akaitikia kwa kichwa.

Basi Anyelwisye akashona sare ya kijani, ya kwanza ya maisha yake, na alipoishona hakusema na mtu. Tumpale akasoma. Kijani cha kwanza kikambana, akashonewa cha pili. Akaiona darubini, akazishika sumaku, akapimia joto kwa kipimajoto na si kwa kidole. Mafungu ya Mbalala yakapanda, moja na nusu, mawili, mawili na zaidi, na kumi yao ilikuwa kumi nene. Mabweni yakajengwa kweli. Chuo kikamchukua, akasomea fizikia na hesabu, na kila likizo alipanda mlima, akapitia kwanza kambini kwa kaka yake akiwa na zawadi ya sabuni, kisha kwa Mwalimu Mwambene kumsomea, kwa sababu macho ya mwalimu yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Subilaga alikuwa akifikiri kwamba binti akifika chuo, atatulia. Hakutulia. Kila Juni alisimama karibu na redio vile vile, maana sasa alijua kwamba fungu likipanda linaweza kushuka.

Na lilishuka. Mwaka wa mwisho wa Tumpale chuoni, vito vya Mbalala vilianza kuwa haba, na serikali ilikuwa imekopa mno kwa kuvitegemea. Waziri akasoma haraka haraka, shule fungu moja. Walimu vijana wakahamia mijini kutafuta kazi nyingine. Shuleni kwa Bi Tusajigwe maabara ilibaki na vioo vyake na meza zake na hakuna wa kuifungua, na kidato cha mtihani hakikuwa na mwalimu wa fizikia.

Anyelwisye akazungusha kitufe. Songwa ilikuwa na serikali mpya, na kahawa ilikuwa imepanda bei. Waziri wa Songwa akasoma, shule mafungu matatu. Duka zima likapiga makofi. Shule zilizofungwa zitafunguliwa, mapaa yataezekwa. Na kweli mapaa yaliezekwa. Madawati yakaja kwa lori yakinuka rangi. Walimu ndio hawakuja, kwa sababu dawati huchongwa kwa wiki, na kumpata mwalimu ni kazi ya miaka, na katika miaka ile Songwa haikuwa imesomesha yeyote.

Tumpale akarudi nyumbani na shahada yake. Alikuwa hajafungua hata sanduku vizuri, pande zote wakaja. Ilikuwa Jumamosi, mchana. Afisa elimu wa Songwa alipanda kutoka bonde la huku, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, na pamoja naye alikuja Mwalimu Mwambene akiongozwa kwa mkono. Bi Tusajigwe alipanda kutoka bonde la huko, mvi zimemjaa, akipumzika njiani. Lugano naye alikuja kutoka kambini, kwa kuwa alisikia dada yake amefika. Wakaketi mbele ya duka. Subilaga aliwapa maji, akarudisha vikombe, akavitoa tena vikiwa vitupu.

Afisa wa Songwa alianza. Aliwakumbusha kwamba Tumpale ni raia wa Songwa, amezaliwa Songwa, na aliyemshikisha penseli ni Songwa. Shule ya pale mlimani imepewa ruhusa ya kufungua sekondari iwapo tu itapata mwalimu wa sayansi kabla ya Jumatatu ya kufungua. Asipopatikana, ruhusa itapelekwa wilaya nyingine, na watoto wa mgongoni watabaki na darasa la saba.

"Tulikuwa maskini na tukatoa matatu katika kumi," alisema. "Hakuna aliyetulazimisha. Wenzetu walikuwa na uwezo wa kutoa, wakajenga majukwaa. Mtoto huyu asingejua a wala be kama ingekuwa kwao. Tulianguka, ni kweli. Lakini msingi ni wetu, na leo tumesimama tena."

Bi Tusajigwe alisema hakuja kubishana kuhusu zamani, kwani hata yeye alipokuwa msichana ilibidi akasome kwa wamisionari. Alisema watoto wa kidato chake watafanya mtihani mwaka huu, wako darasani na vitabu, wanajisomea wenyewe fizikia wasiyoielewa. "Mtoto huyu alikula miaka yetu kumi na miwili," alisema. "Fungu letu lilikuwa dogo kwa kulihesabu katika kumi, sikatai. Lakini kwa mtoto mmoja, kwa mwaka mmoja, Mbalala ilimpa Tumpale zaidi ya alichopata Songwa kwa miaka yote. Na kuna binti wa Mbalala alikosa nafasi hiyo. Namjua kwa jina. Anachuma chai. Mimi niliwaambia wazazi wake kwamba huyu atarudi kuwafundisha wadogo zake. Nilipewa ahadi, nikaipokea."

Subilaga aliinamisha kichwa, kwa kuwa kinywa kilichotoa ahadi kilikuwa chake.

Afisa alimtaka Mwalimu Mwambene aseme, ili kuongeza uzito upande wa Songwa. Mwambene aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Bwana Afisa, usiihesabu miaka yangu kuwa yenu," alisema. "Miaka ile hamkuwepo. Nilikuwepo mimi na maharage." Kisha akaishusha sauti. "Hata hivyo shule ile naipenda. Sioni tena maandishi ya ubaoni. Sitaki ifungwe nikiwa hai. Ni hayo tu."

Wote wakadhani mazungumzo yamekwisha. Lakini Lugano, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya gogo la kukatia kuni, akainuka. Mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu wa chai ambao haukutoka kwa sabuni yoyote. Aliomba radhi kwa wakubwa kabla ya kusema.

"Nimewasikia wote. Songwa ilitoa, Mbalala ilitoa, mwalimu alitoa. Ninyi mlitoa. Mimi nilitolewa."

Lugano akaeleza kwamba ana binti, jina lake Ambwene, amefika umri wa shule. Kambini hakuna shule. Mbalala inasema watu wa kambi ni wageni, nafasi zimepungua na ile barua ya zamani haitolewi tena. Songwa inasema watu wa kambi wako nje ya mpaka. Juni ikifika, nchi zote mbili zinasoma mafungu yao na hakuna hata moja inayosoma la kambini. Watoto huko ni wengi kuliko wa shule yoyote ya mlima huu. "Kiti alichokalia dada yangu kilikuwa changu," alisema. "Sikitaki tena, nimeshakua. Naomba aje akae na binti yangu na wenzake, hata chini ya turubai. Wao hata msingi hawana." Akaketi.

Bi Tusajigwe alitazama chini. Afisa alifungua kifungo cha koti. Anyelwisye, ambaye maisha yake yote alikuwa na jibu la upande wa Songwa, safari hii aliitazama mikono ya mwanawe.

Tumpale alikuwa amesimama muda wote. Alisema kwamba kila aliyesema amesema kweli, na kwamba hawezi kuwa mahali pote, kwa sababu kutoka bonde hadi bonde ni mwendo wa nusu siku, na kambi iko mbali zaidi chini. Alipiga hesabu kichwani wakati wanazungumza. Akijigawa, hakuna watakaopata fizikia ya kutosha mtihani, wala sekondari itakayofunguliwa, wala mtoto wa kambi atakayefika mahali.

"Mama," alisema, "mimi niliyesomeshwa sijui nilisomeshwa na nani. Wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza redio zote mbili. Sema, nami nitakwenda."

Subilaga akatoka. Walimwona akipita jiwe la mpaka, akisimama mahali ambapo bonde la huku na la huko yote yanaonekana. Chini ya paa jipya la Songwa alijua kuna madawati yanayonuka rangi. Chini ya paa la Mbalala alijua kuna mabinti wamejiinamia kwenye vitabu, na alijua kwamba aliwaahidi. Kambi haikuonekana kutoka pale, ni moshi wake tu uliopanda juu ya chai. Alitembea hadi mwisho wa njia akarudi. Akamfikiria Mwambene akizunguka katikati ya kuta na kipande cha chaki. Akafikiria kola ya shati la bluu ilivyonyooshwa. Kila alipopata jibu, miguu yake ilimpeleka hatua chache tu, na jibu likambadilikia njiani.

Jua lilipoinama alirudi. Wageni walikuwa wamesimama tayari kuteremka, kila mmoja upande wake, na sanduku la Tumpale lilikuwa mlangoni limefungwa kamba. Wote wakamgeukia. Subilaga akamshika binti yake mkono, akafungua kinywa, akasema.

Alichosema sitawaambia. Hadithi hii nimeisimulia Songwa, na watu wa Songwa walisema bila kusita kwamba Tumpale ni wa Songwa, maana aliyetoa kingi katika kidogo ndiye aliyetoa. Nimeisimulia Mbalala, wakasema ahadi ni ahadi, na aliyemvika hadi akafika ndiye mwenye haki. Waliosomeshwa na walimu kama Mwambene walisema serikali zote mbili zikae kando, Tumpale apewe mzee yule kwa ajili ya shule yake, kabla macho hayajazimika. Nimeisimulia na kambini pia, jioni, watu wakiwa wamekaa juu ya vikapu vyao vya chai. Hao hawakubishana. Waliniuliza tu kama huyo mwalimu ameshaondoka kwao, na atafika lini.

Nyinyi hamtoki Songwa wala Mbalala, na hamkuchuma chai ya mtu. Hebu niambieni: je, nani alistahili kumpata Tumpale?